Vijana hawajaanza kutusumbua jana, naomba kikao chetu kikae tena

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo lililonikaa rohoni tangu kikao cha wazazi cha Jumamosi kwenye shule anayosoma kijana wangu hapa Dodoma mjini. Jina la shule naliacha, maana nikiongea na wateja wangu naona vikao vya namna hii viko kila kata.

Tulikuwa na ajenda tatu, mchango wa chakula, mtihani wa kidato cha pili na nidhamu, na hiyo ya tatu ndo ilimeza kikao chote. Baba mmoja akasimama, mtu mzima anayeheshimika, akatoa simu akatusomea ujumbe aliotumiwa WhatsApp kwamba hata Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, alishawalalamikia watoto wa siku hizi, eti wanapenda anasa, hawana adabu, hawasimami mkubwa akiingia, wanabishana na wazazi. Ukumbi ukapiga makofi. Halafu akamalizia kwamba sisi enzi zetu hatukuwa hivyo, ujana wa sasa ni ugonjwa ulioletwa na simu. Muda mfupi baadaye tukawa tumepitisha kwamba mwanafunzi yeyote atakayekutwa kwenye kikundi barabarani baada ya saa 12 jioni asimamishwe shule wiki tatu. Mikono ikanyooshwa. Mimi sikunyoosha ila sikusema kitu pia, nilikaa pale kwenye benchi nimeshika mkoba nikanyamaza, na kunyamaza kule ndo kumenifanya niandike.

Nina steshenari ndogo jirani na chuo. Kwa miaka 11 nimechapa risechi za wanafunzi, wa ualimu, wa saikolojia, wa sosholojia, na wanaojua kazi hii wanajua sura ya pili ndo ndefu kuliko zote, ndo mwanafunzi anaeleza wenzake wa zamani walisema nini kuhusu jambo lake. Sasa ukichapa sura ya pili za watu wengi hivyo kwa vidole vyako mwenyewe kuna vitu vinabaki kichwani, na kwangu vilivyobaki ni habari za vijana wa rika la balehe, maana nalea, na nilikuwa nachapa huku najisomea. Nikikuta kitu kimenigusa namwomba mwanafunzi aniachie kitabu hadi kesho.

Nianze na hiyo ya Socrates. Kuna binti aliiweka kwenye kazi yake, ikarudi imezungushiwa wino mwekundu, supavaiza ameandika pembeni "chanzo?". Alihangaika siku mbili akitafuta. Socrates hakuacha maandishi yoyote, tunamjua kupitia maandishi ya watu kama mwanafunzi wake Plato, na maneno yale hayako huko. Yanatokana na tasnifu ya kijana wa Cambridge huko Uingereza, Kenneth John Freeman, iliyochapwa kitabu mwaka 1907, alikuwa anafupisha kwa maneno yake mwenyewe malalamiko ya wazee wa Ugiriki ya kale. Watu wakayachukua wakambandika Socrates, yakasafiri hadi ukumbi wetu. Na huyo Freeman alifariki kijana wa miaka ishirini na kitu, kabla hata kitabu hakijatoka. Yaani maneno tunayowachapia vijana yaliandikwa na kijana.

Ila malalamiko yenyewe ni ya kweli, wazee wa zamani walilalamika kweli, na hapo ndo nashangaa yule baba hakuona. Kama Wagiriki walikuwa wanalalamika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, basi simu inaingiaje? Plato kwenye kitabu chake cha Sheria alisema kijana asionje mvinyo hadi afike miaka 18, kwa sababu ni kumimina moto juu ya moto. Mwanafunzi wake Aristotle akaandika ukurasa ambao mimi nikiusoma namwona mwanangu amekaa mezani, kwamba vijana wana tamaa kali lakini haidumu, hasira zao ziko karibu, wanapenda kupita kiasi na kuchukia kupita kiasi, wanaamini watu haraka kwa sababu hawajadanganywa vya kutosha, wanaishi kwa matumaini zaidi kuliko kumbukumbu kwa sababu maisha yaliyo mbele yao ni marefu na yaliyopita ni mafupi. Ona hapo, hakuwaita wagonjwa, kwenye orodha yake aliweka na uzuri, kwamba ni wajasiri na wanapenda heshima kuliko pesa. Hilo la heshima wazazi wenzangu tulikumbuke nikifika mbele.

Baada ya hapo kuna karne nyingi ambazo risechi nyingi zinaziruka, na mimi nitaziruka, isipokuwa kuna Mfaransa anaitwa Philippe Ariès, mwaka 1960 alidai kwamba Ulaya ya zamani hawakuwa na picha ya utoto kama yetu, mtoto akishaweza kujihudumia anaingia kwenye kazi na ngoma za wakubwa kama mtu mzima mfupi. Wanahistoria wengine walimpinga, wakaonyesha kwamba hata zama hizo wazazi walijua mtoto ni mtoto. Lakini swali lake lilibaki, kwamba ujana ni kitu cha mwilini tu au ni kitu ambacho jamii inakipa umbo?

Rousseau, mwanafalsafa mzaliwa wa Geneva, ndo wa kwanza kunitoa machozi. 1762, kitabu chake cha Émile, anasema tunazaliwa mara mbili, mara ya kwanza kuwepo na mara ya pili kuishi, na hiyo ya pili ndo balehe. Anafananisha na bahari inavyonguruma kabla ya dhoruba. Kitabu kilichomwa moto hadharani Paris na Geneva. Na huyohuyo aliyeandika vizuri hivyo kuhusu kulea, watoto wake watano wote aliwapeleka kituo cha watoto wa kuokotwa, jambo ambalo mimi kama mama siwezi kulielewa hata nikisoma mara ngapi. Ila hilo la kuzaliwa mara mbili naliamini, maana mtoto akizaliwa mara ya kwanza nyumba nzima inakesha, bibi anakuja, majirani wanaleta uji, na akizaliwa mara ya pili tunamwambia ajirekebishe.

Sasa nije kwa mtu ambaye ningependa kila mzazi wa Tanzania amjue, mwanasaikolojia wa Marekani G. Stanley Hall. Mwaka 1904 alitoa vitabu viwili vinene vinavyohusu umri huu tu, na toka hapo ndo ukawa somo la kisayansi linalojitegemea. Yeye ndo aliyeeneza ile picha ya dhoruba na misukosuko, kwamba kijana lazima agombane na wazazi, lazima abadilike badilike, lazima ahatarishe. Tunaposema "achana naye, ana balehe" tunaongea maneno ya Hall bila kujua. Lakini Hall aliamini pia kwamba kila mtoto anapokua anarudia safari ya binadamu wote, kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na kijana wa balehe yuko njiani katikati. Na kama hiyo ni kweli, akaendelea, basi kuna mataifa mazima ambayo yenyewe ni vijana wa balehe, hayajakomaa, akaandika sura nzima juu ya hilo, Waafrika tukiwa humo.

Nilipochapa aya hiyo mara ya kwanza niliacha kuchapa. 1904 nchi hii ilikuwa chini ya Mjerumani. Baadaye akaja Mwingereza, na mwanaume mwenye wajukuu, aliyepiga jembe na kujenga boma lake, akawa anaitwa "boi". Sio kwamba Hall ndo alileta neno hilo, ila mawazo ni yaleyale, ukishasema kijana ni mtu nusu basi yeyote unayetaka kumtawala unamwita kijana. Ndo maana nasema jinsi tunavyowafikiria vijana sio jambo dogo la kupitisha kwa kunyoosha mikono dakika kumi. Sisi wenyewe tuliwahi kuwekwa kwenye kapu hilo.

Hall hakukaa bila kujibiwa. Margaret Mead, dada wa Kimarekani wa miaka ishirini na kidogo aliyekuwa anasoma mila za watu, alikwenda kisiwa cha Ta'u huko Samoa mwaka 1925, akarudi akaandika 1928 kwamba mabinti wa kule wanapita umri huu bila dhoruba, kwahiyo dhoruba inatokana na jamii, sio na mwili. Mwaka 1983 akatokea mtaalamu mwingine akaandika kitabu kizima kwamba Mead alikosea, na wengine nao wakampinga huyo, ugomvi mrefu siuingii. Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, kwa upande wake akasema kijana aliyetulia kabisa ndo wa kutiliwa shaka. Halafu Daniel Offer, daktari wa akili wa Marekani, akafanya kitu rahisi ambacho sijui kwa nini kilichelewa, akaenda kuwauliza wavulana wa kawaida wa Chicago, sio wale waliopelekwa hospitali, akakuta wengi wako sawa tu na wanaelewana na wazazi wao, kitabu chake kikatoka 1969.

Erik Erikson, mwanasaikolojia, ndo ninayemkubali zaidi. Mama yake alikuwa Mdenmaki, baba yake mzazi hakuwahi kumjua, alilelewa na baba wa kambo Myahudi huko Ujerumani na yeye ana nywele za dhahabu, shuleni wakamcheka kwa Uyahudi, sinagogini wakamcheka kwa nywele. Mtu wa namna hiyo ndo aliyekuja kusema, mwaka 1950, kwamba kazi kubwa ya umri huu ni kujibu swali "mimi ni nani", na kwamba jamii nzuri inampa kijana muda wa kujaribu, kukosea na kujaribu tena kabla hajafungwa na majukumu. Na akasema kujibu swali hilo hakufanyiki chumbani peke yako, kunahitaji watu wazima wanaokutambua. Hapo mkumbukeni Aristotle na ile heshima. Kijana anatafuta nani atamwona kuwa ni mtu. Asipopata nyumbani wala shuleni atapata kwenye kona.

Na sio wazungu tu. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliliona tatizo hili kwa macho ya nchi yetu, kwamba mtoto akianza shule mdogo sana anamaliza akiwa bado mdogo mno kuwa raia anayefanya kazi na kujitegemea, akataka umri wa kuanza upande. Zaidi ya hapo alitaka shule iwe jamii, ina shamba, ina karakana, na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba hilo na faida yake. Nauliza, Jumamosi pale ukumbini tulikuwa wazazi na walimu, kulikuwa na mwanafunzi hata mmoja?

Mjomba wangu wa Bahi, ambaye sasa macho yamepungua, alipita jandoni zamani. Nilimuuliza enzi zao vijana walikuwa na adabu kweli? Alicheka akasema, "Mwanangu, sisi tuliiba hadi asali ya chifu." Akanieleza walivyokaa porini wakati wa kiangazi baada ya mavuno, na kila siku kuna mtu mzima wa kukaa nao, anawaimbia, anawapa mafumbo, ukikosea unaambiwa, ukiuliza unajibiwa. Na akitoka hapo anapewa kazi inayoonekana, ng'ombe wake wa kuchunga na mahali pa kukaa kwenye mazungumzo. Siwaambii turudi huko. Mabinti walikeketwa, na hilo kwa walio chini ya miaka 18 sheria ya 1998 imelikataza na nashukuru limekatazwa. Na binti alikuwa akishavunja ungo tu utoto umekwisha, anaolewa. Hata sheria zetu zimegombana zenyewe kwa hilo, ya ndoa ya 1971 ikiruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, ya mtoto ya 2009 ikisema chini ya 18 ni mtoto, hadi mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda Mahakama Kuu akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019. Ninachosema ni kwamba kwenye jando la mjomba kulikuwa na fimbo na kulikuwa na mtu wa kukaa nao. Sisi tumebaki na fimbo.

Miaka ya karibuni wameingia watu wa ubongo. Jay Giedd na wenzake huko Marekani waliwapiga watoto picha za ubongo, wakarudia kwa watoto walewale miaka inavyokwenda, na mwaka 1999 wakaonyesha kwamba ubongo wa mbele, ule wa kupanga na kujizuia, unaongezeka sana karibu na balehe halafu unaanza kupunguzwa, na kazi hiyo inaendelea hadi miaka ya ishirini. Kaka yangu analima zabibu Hombolo na nilipomweleza alielewa haraka kuliko wanafunzi wangu, akasema huko ni kupogoa. Mzabibu usipopogolewa unajaa majani tu, na siku umetoka kupogolewa ukiuangalia unaonekana kijiti kikavu, mgeni anaweza kudhani umekufa akaung'oa.

Na kuna jaribio moja ambalo mimi naliona lingetosha kubadilisha kikao chetu. Mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwaweka watu kwenye mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, vijana wa miaka 13 hadi 16, wakubwa kidogo, na watu wazima, wengine wakiwa peke yao na wengine wakiwa na wenzao wawili wanaangalia. Kwa vijana wadogo, wenzao wakiwepo, kujihatarisha kulipanda zaidi ya mara mbili. Kwa watu wazima haikubadilika kitu.

Mhariri, hilo mimi nimeliona kwa macho. Mwezi wa tano mwanangu, miaka 15, mpole mpaka walimu wanamsifia, alitoka tuisheni na wenzake, mmoja akawa na pikipiki ya kaka yake, wakapanda mshikaki watatu na mwanangu ndo akashika usukani, hajawahi kuendesha hata siku moja. Mwingine yuko pembeni anarekodi kwa simu. Waliingia korongoni. Aliletwa nyumbani na bodaboda msamaria, viganja vyote viwili vimejaa changarawe, mguu umeungua na bomba la moshi, nikakaa naye uani natoa kijiwe kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi na maji ya chumvi, yeye amefumba macho. Sikumuuliza kitu muda mrefu. Akasema mwenyewe, "Mama, ningekuwa peke yangu nisingeendesha." Nilikuwa nimechapa sentensi hiyo kwenye risechi za watu mara nyingi, sikujua itakuja kusemwa uani kwangu.

Shuleni alipewa adhabu na mimi sikupinga, alikosa. Ila nilipomuuliza kama kuna mwalimu yeyote alikaa naye akamuuliza ilikuwaje, alisema hapana.

Kwahiyo hesabu yangu ni hii. Tunasema tunaogopa kijana akiwa na rika lake bila mtu mzima. Halafu tunamwadhibu kwa kumtoa shuleni wiki tatu, wazazi tuko makazini, mimi steshenari, mwingine sokoni Majengo, mwingine ofisini Mtumba, na kijana tumemrudisha kulekule kwa rika bila mtu mzima, safari hii kutwa nzima, na ameshaambiwa na watu wazima wote wa shule kwamba hatumtaki. Anayebishana na mimi aniambie hapo nimekosea wapi.

Naomba kamati ya shule yetu iitishe kikao tena kabla ya likizo. Naomba wanafunzi wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, wakae nasi na waongee. Naomba yule mwalimu wa ushauri nasaha tunayeambiwa yupo apewe chumba na vipindi vyake vipunguzwe apate saa za kukaa na watoto, na hiyo saa 12 hadi saa 1 jioni ambayo inatutisha, badala ya kuwavizia barabarani, tuweke zamu ya wazazi wawili wawili pale uwanjani, mpira upigwe, taa ipo. Mimi nimeshajiandikisha Jumanne na Alhamisi, dukani atabaki mdogo wangu. Mjomba wa Bahi naye amesema nikimtumia nauli anakuja.

Mama wa kidato cha pili,
Nkuhungu, Dodoma